Pole Pole Ndio Mwendo: Kuvuka Mlima Kenya kwa Miguu

Mpenzi msomaji, ukikutana na waelekezi wa Mlima Kenya, neno la kwanza utakalolisikia baada ya salamu ni "pole pole". Wageni wa kutoka ng'ambo hulikariri huku wakicheka, wakidhani ni maamkuzi ya kienyeji. Nasi wenye lugha yetu huliona kuwa methali ya kupambia insha, basi. Kumbe huko juu neno hilo ni dawa, tena dawa isiyouzwa dukani. Wapo vijana wenye misuli kama chuma waliolidharau wakateremshwa kwa machela. Wapo pia wasichana wembamba na wazee wa mvi waliolishika wakafika kileleni na kushuka upande wa pili wakiimba.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kundi la wanafunzi linavyoweza kuuvuka Mlima Kenya kwa miguu, likibeba hema na chakula chake, kuanzia lango la Sirimon upande wa Nanyuki hadi lango la Chogoria upande wa Tharaka-Nithi. Wenzetu wengi walio katika mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa nchini mwaka wa 1966, hutakiwa kufanya safari ya siku 4 ili wapate nishani ya dhahabu, na wengi huuchagua mlima huu. Hivyo basi, habari hizi si hadithi za kupitisha wakati. Ni habari zinazoweza kuokoa maisha.

MLIMA WENYEWE

Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika. Ulilipuka kwa mara ya mwisho zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Tangu hapo mvua na barafu zimeukwangua kama seremala anavyoranda ubao, hata ikabaki ile miamba migumu ya katikati iliyochongoka kama meno. Vilele vyake vikuu ni vitatu. Batian una mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Viwili vya kwanza havipandwi ila kwa kamba na ufundi wa kukwea majabali. Lenana ndicho kilele cha sisi watembea kwa miguu.

Majina hayo yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, ambaye mnamo mwaka wa 1899 alifika kilele cha Batian pamoja na waelekezi wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Aliyachukua kutoka kwa Mbatian, laibon mashuhuri wa Wamaasai, na jamaa zake. Lakini mlima ulikuwa na majina yake kabla ya hapo. Agikuyu waliuita Kirinyaga, na Wakamba waliuita Kiinyaa. Mmishenari Ludwig Krapf aliuona mwaka wa 1849 akiwa nchi ya Ukambani, na kutoka kwa jina hilo tukapata jina la nchi yetu. Kule Ulaya wapo wataalamu waliombishia. Walisema ati theluji haiwezi kukaa kwenye Ikweta! Ama kweli, asiyekuwapo na lake halipo.

Eneo la juu likafanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

NJIA YA KUVUKA

Njia kuu za kupanda ni tatu: Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini-magharibi, na Chogoria upande wa mashariki. Naro Moru ndiyo fupi, na ufupi huo ndio ubaya wake, kwani humfikisha mtu juu kabla mwili wake haujapata habari. Sirimon hupanda taratibu na upande wake ni mkavu zaidi. Chogoria ndiyo yenye mandhari ya kupendeza kuliko zote. Ndiyo maana ni busara kupanda kwa Sirimon na kushukia Chogoria.

Ukitoka Nanyuki kwa matatu kuelekea Timau, utashuka penye njia panda baada ya kama kilomita 15, kisha kuna barabara ya kupanda kama kilomita 10 hadi langoni. Lango la Sirimon liko kwenye mita 2,650. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 9 katika msitu wa mierezi na podo hadi kituo cha Old Moses, mita 3,300. Hapo miti inakwisha.

Kituo cha pili ni Shipton, kwenye mita 4,200, na ni safari ya takriban kilomita 14. Njia hukatiza nyika za nyasi za mafungu mafungu, ikavuka kijito cha Liki Kaskazini, halafu ikapanda ukingo na kuingia Bonde la Mackinder. Hapa utaona mimea ambayo hujapata kuiona kijijini kwenu. Kuna lobelia kubwa kama makabichi, na kuna senesio warefu kuliko mtu, wenye shina nene na kichwa cha majani kama mwavuli. Usiku hapa huganda na mchana jua huchoma, hivyo kila mmea una hila yake. Senesio hayatupi majani yake makavu. Huyavaa kiunoni kama koti ili shina lisigande, na jioni hukunja majani mabichi kulifunika chipukizi la katikati. Lobelia nayo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chini ya kifuniko hicho cha barafu chipukizi hubaki salama. Kwa hakika mmea huo umetuzidi akili sisi tuendao mlimani na sweta moja.

Kutoka Shipton watu huondoka saa nane au saa tisa za usiku ili wawe Lenana jua linapochomoza, yaani mnamo saa kumi na mbili na nusu. Mwinuko ni wa karibu mita 800 za changarawe inayoteleza. Unapiga hatua mbili, unarudi moja. Jua likitoka utaona vilele vya Batian na Nelion vikiwaka rangi ya dhahabu mbele yako, na siku ya hewa safi utaiona hata Kilimanjaro mbali kusini.

Baada ya hapo, walio wengi hurudi walikotoka. Anayevuka huteremkia mashariki, akapita Simba Col na kushuka hadi vidimbwi vya Hall kwenye mita 4,300 hivi. Hapo, mpenzi msomaji, usikimbie kupiga picha bila kutazama unapokanyaga. Ukingo uitwao Hekalu unakatika ghafla kama umekatwa kwa panga, na chini kabisa, takriban mita 300, limelala Ziwa Michaelson katika Bonde la Magenge. Siku ya mwisho ni kuteremka mgongo mrefu wa kilima hadi lango la Chogoria, mita 2,950, na kutoka hapo kuna barabara ya msituni ya takriban kilomita 30 hadi mjini Chogoria. Barabara hiyo huwa tope tupu mvua ikinyesha, kwa hiyo gari la kuwachukua lipangwe mapema.

HEWA NYEPESI NA KIBURI CHA MISULI

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Utamsikia mtu akisema, "Aah, mimi ni mchezaji wa raga bwana, mlima ni nini?" Huyo ndiye wa kuchungwa kuliko wote.

Hebu tueleze. Hewa ya Mombasa na hewa ya Lenana zina sehemu ile ile ya oksijeni, kama asilimia 21. Tofauti ni kwamba kule juu hewa yenyewe imetawanyika. Chukulia kwamba kila pumzi unayovuta Mombasa ni kikombe kizima cha chai ya saa nne. Kwenye Lenana kikombe ni kile kile, lakini umetiliwa zaidi kidogo ya nusu. Mwili unataka chai yake kamili, basi huna budi kupumua zaidi na moyo kupiga mbio.

Mwili una njia zake za kuzoea. Hujifunza kupumua kwa kina, figo hurekebisha damu, na siku zikipita chembe nyekundu za damu huongezeka. Lakini kazi hiyo inataka muda, na muda haununuliwi kwa misuli. Hapo ndipo mwenye nguvu hupatwa. Miguu yake inaweza kumfikisha mita 4,200 siku ya pili, ilhali mapafu na ubongo wake vingali Nanyuki. Yule mnyonge anayepumzika kila baada ya hatua ishirini, pasipo kujua, anaupa mwili wake nafasi ya kumfuata.

Ugonjwa wa mlimani huanza kama mchezo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na kukosa usingizi. Ukimwona mwenzako aliyezoea kugombania ukoko sasa ameisukuma sahani kando, mwulize hali yake. Dalili hizo zikiwa nyepesi, kanuni ni moja: usipande zaidi mpaka ziishe. Akinywa maji na kupumzika siku moja, mara nyingi hupata nafuu.

Lakini kuna aina mbili za hatari ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua kama anavyolijua jina lake. Ya kwanza ni maji kuingia mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hugeuka rangi ya samawati, na baadaye hutema povu lenye rangi ya damu. Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, huongea maneno yasiyoeleweka, na hatimaye huzimia. Kipimo chake ni rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, hana mjadala.

Tiba ya kwanza ya hatari hizo mbili ni kushuka. Msingoje asubuhi, wala msingoje mwalimu amalize chai. Ashushwe usiku huo huo, mita 500 au zaidi, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Wengi waliokufa milimani kwa maradhi haya walikufa kwa sababu mtu fulani alisema, "Tungoje tuone kesho." Ajabu ni kwamba mgonjwa huwa wa kwanza kukataa kushuka, kwani ugonjwa wenyewe umemvuruga akili. Kwa hivyo uamuzi usiachiwe yeye.

RATIBA INAYOFAA

Wataalamu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Haya, tupige hesabu. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Tayari tumevuka kiwango! Dawa yake ni kuongeza siku za kuzoea, kama ifuatavyo:

Siku ya 1: Lango la Sirimon hadi Old Moses. Lala.
Siku ya 2: Tembea hadi kama mita 3,700 bila mizigo, urudi kulala Old Moses.
Siku ya 3: Old Moses hadi Shipton.
Siku ya 4: Panda kidogo kuelekea Hausberg Col, urudi kulala Shipton.
Siku ya 5: Lenana alfajiri, kisha teremka hadi vidimbwi vya Hall.
Siku ya 6: Teremka hadi lango la Chogoria.

Utaona kwamba siku ya pili na ya nne mtu hupanda juu lakini hulala chini. Kupanda juu kunaufundisha mwili, na kulala chini kunaupumzisha. Wapo wanaoifanya safari hii kwa siku nne na wakafika. Wapo pia waliojaribu siku nne wakaishia kubebwa. Kwa wenzetu wanaotoka Pwani, ambako mtu amekulia usawa wa bahari, ni bora walale Nanyuki usiku mmoja kwanza. Nanyuki yenyewe iko karibu mita 1,950 juu, na si haba.

Kuhusu majira, kalenda yetu ya shule ina jambo la kutuonya. Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei, hivyo likizo ya Aprili haifai. Vuli huja Oktoba hadi Desemba. Likizo ya Agosti ndiyo yetu. Hata katika miezi mikavu, mawingu hupanda kuanzia saa nne au saa tano za asubuhi, kwa hiyo tembeeni mapema na mfike kambini kabla ya alasiri.

MZIGO: KILA GRAMU INA MIGUU YAKO

Kanuni ya shanta ni kwamba lisizidi robo ya uzito wako, na likiwa moja kwa tano ni bora zaidi. Mwanafunzi wa kilo 50 asibebe zaidi ya kilo 12. Lipange hivi: mfuko wa kulalia chini kabisa, vitu vizito kama chakula na sufuria katikati karibu na mgongo, na koti la mvua juu kabisa. Mkanda wa kiunoni ukazwe ili uzito ukae nyongani, mabega yasiumie. Kila kitu kisichotakiwa kulowa kifungwe ndani ya mfuko mkavu wa kitambaa kisichopenya maji. Mifuko ya plastiki ya dukani sahau: imepigwa marufuku nchini tangu mwaka wa 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa. Beba mtungi wa kudumu.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. Ya ndani iwe nyepesi inayokauka upesi, ya katikati iwe sweta ya sufu, na ya nje izuie upepo na mvua. Pamba ina tabia mbaya: ikilowa haikaukiki na hunyonya joto lote la mwili. Ile suruali ya jinzi unayoringa nayo Jumapili iache bwenini. Beba glavu, kofia ya marvin, soksi za sufu jozi tatu, na jozi moja kati ya hizo iwe ya kulalia tu. Viatu viwe vimevaliwa mwezi mzima kabla ya safari. Raba za michezo huteleza kwenye changarawe na hazikingi kifundo cha mguu, na viatu vipya navyo ni malengelenge yaliyonunuliwa kwa pesa taslimu.

Tochi iwe na betri za ziada, na betri hizo uzilaze ndani ya mfuko wako wa kulalia kwani baridi huzimaliza. Ramani na dira visikose, hata kama kuna mwelekezi.

CHAKULA NA MAJI

Hapa sayansi ya darasani inaingia jikoni. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema. Pale Shipton yanachemka kwa nyuzi 86 hivi. Utayaona yakitokota kwa vishindo, ukadhani chakula kinaiva, kumbe joto halitoshi. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe ambayo nyumbani huchemshwa saa tatu, huko juu utaichemsha mpaka mafuta ya jiko yaishe na bado itakuvunja meno.

Beba vyakula vinavyoiva upesi au vilivyokwisha kuiva: unga wa uji, tambi, omena iliyokaangwa, njugu karanga, sukari, maziwa ya unga, viazi vichache, na chapati za siku mbili za kwanza. Kadiria kama robo tatu ya kilo ya chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Kuleni hata kama hamna hamu. Nyweni lita 3 hadi 4 za maji kwa siku, na mkojo ukiwa wa manjano sana ujue hujanywa vya kutosha. Maji ya vijito yaachwe yatokote dakika tatu kamili kabla ya kunywewa, hata yakionekana maangavu kama kioo.

Pikeni kwa jiko la gesi au la mafuta ya taa. Msiwashe moto wa kuni. Nyasi za nyika hiyo ni kama petroli wakati wa kiangazi, na mnamo Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya nyika hizo kwa siku nyingi.

WENYEJI WA MLIMANI

Msitu una ndovu na nyati. Tembeeni kundi moja, pigeni gumzo ili wanyama wawasikie kutoka mbali, na wala msitembee msituni gizani. Juu zaidi utakutana na pimbi wanene wasio na haya, ambao watakuibia biskuti mchana kweupe. Msiwalishe. Yupo pia ndege aitwaye chozi, mwenye rangi ya kijani inayometa, anayefyonza maua ya lobelia. Lakini adui mkubwa si mnyama. Ni ukungu. Ukungu ukishuka huwezi kuuona hata mkono wako. Ukipotea, simama. Vaa nguo zote ulizo nazo, kaa kwenye shanta, puliza filimbi mara tatu, nyamaza usikilize, kisha puliza tena. Anayekimbia ndani ya ukungu hukimbilia magengeni. Ndiyo sababu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haliruhusu mtu kuingia peke yake kulala mlimani. Nasi tunaongeza: kundi la wanafunzi lisiende bila mwelekezi mwenye kibali, na mwalimu anayelijua jina la kila mmoja.

KURUDI SI KUSHINDWA

Mwaka wa 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kulikuwa na kambi ya mateka Waitaliano huko Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliuona mlima kutoka nyuma ya waya akaupenda. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walidunduliza vyakula kwa miezi, wakajiundia vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na vyuma chakavu, wakatoroka. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea picha ya mlima iliyokuwa kwenye mkebe wa nyama! Barsotti aliugua, akabaki kambini chini. Wawili walijaribu kukwea Batian, theluji na baridi vikawazidi, wakageuka. Badala yake wakapanda Lenana. Chakula kikiwa kimewaishia, walishuka na kujirudisha wenyewe kambini kwa waliowafunga.

Baadaye Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na kinasomwa hadi leo. Fikiria: kama wangeng'ang'ania Batian, huenda kitabu kisingeandikwa kamwe. Kugeuka ndiko kulikowapa hadithi ya kusimulia.

Basi kabla ya kuondoka Shipton usiku ule, kundi zima likubaliane juu ya saa ya kugeuka. Tuseme saa tatu za asubuhi. Ikifika hiyo, popote mlipo, mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Kutangulia si kufika, na kufika si kurudi. Tena tukumbuke kwamba asiyefika Lenana kwa sababu alimshusha rafiki yake mgonjwa ameleta nyumbani kitu kikubwa kuliko picha.

MLIMA NI MTUNGI WETU

Kuna jambo moja linalomfaidi anayevuka kuliko anayepanda na kurudi njia ile ile. Ukiwa Bonde la Mackinder, kijito unachokiruka kinateremka kaskazini, kikaingia Ewaso Nyiro na kupotelea katika kinamasi cha Lorian, baada ya kuwanywesha ng'ombe na ngamia wa nchi kavu. Ukivuka Simba Col, kila tone linateremkia mto Nithi, likaingia Tana, na mwishowe likafika Bahari Hindi. Kwa hatua chache tu umetoka katika mtungi mmoja ukaingia katika mwingine.

Mtungi huo unapungua. Wakati wa Mackinder kulikuwa na mito ya barafu 18 mlimani, na mingi imekwisha kutoweka. Ule wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Barafu hiyo si chanzo kikuu cha mito yetu. Misitu na mvua ndivyo vinavyoijaza. Lakini inatuonyesha kwamba mlima ni kiumbe kinachodhurika. Kwa hivyo mwendao huko, rudisheni kila karatasi na kila ganda. Chooni chenu kiwe shimo la kina cha shibiri moja, mbali na kijito kwa hatua mia moja au zaidi, kifukiwe vizuri. Kumbukeni kwamba mtu wa Garissa atayanywa maji hayo hayo.

TAMATI

Kwa kufunga, nawashauri wenzangu wenye nia waanze leo. Zungukeni uwanja kila jioni mkiwa na shanta lenye vitabu, mkipanda ngazi za bweni badala ya kuzikimbia. Jifunzeni kusoma ramani na dira katika somo la Jiografia. Jifunzeni zile dalili mbili za hatari mpaka mzijue usingizini. Kisha Agosti ikifika, nendeni pole pole, mkimweka mbele yule mwenye mwendo wa chini kabisa ili wote wamfuate. Akifika yeye, mmefika nyote.